Chupa Kwenye Msumari wa Juu

Iko siku moja ambayo mpaka leo naikumbuka kwa vidole kabla sijaikumbuka kwa kichwa, mwanangu, maana vidole ndivyo vilivyokuwa vinauma kwa baridi. Ilikuwa Jinja, ndani ya mwezi wa Ramadhani, katika miaka ile ya serikali ya wanajeshi. Nje watu walikuwa wakikimbia jua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli, blanketi mabegani, tasbihi mkononi, nahesabu matone yanayodondoka kutoka kwenye bomba la kioo.

Utauliza matone ya nini. Wajukuu wangu wote huuliza. Hanifa, yule anayesomea mambo ya maabara, alicheka mpaka akakaa chini aliposikia kwamba bibi yake aliyeishia darasa la pili alikuwa akisafisha vimeng'enya vya hamira kabla mama yake hajazaliwa. Nikamwambia cheka umalize, kisha sogea nikueleze. Na wewe sogea.

Mimi ni mtu wa Mbale, mtaa wa Nabuyonga. Niliolewa Jinja na marehemu Musa, tukapata chumba Walukuba kwenye nyumba za wafanyakazi, mlango kwa mlango na Akinyi, mwanamke wa Kisumu mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya Nile. Nikapata kazi ya kufagia katika kiwanda kimoja, jina lake naliacha. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na maabara ndogo, vyumba viwili na kimoja cha baridi, na mwenye maabara alikuwa Mzee Kezekia. Huyu alitoka Mafubira kila asubuhi kwa baiskeli, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo, miwani yake ameifunga waya sikioni. Siku ya tatu ya kazi yangu alinikuta nimemaliza kufagia, nimekaa nje na tasbihi yangu. Akasimama, akanitazama mpaka nikamaliza mzunguko.

"Huwa unakosea hesabu?" akaniuliza.

"Mzee, punje ni tisini na tisa. Hata nikisinzia, kidole hakisinzii."

"Basi acha ufagio, nyabo," akaniita bibie kwa Kiganda. "Nina kazi inayokutafuta."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Hospitali moja ya Mbale ilikuwa na wagonjwa wa kisukari, na aliyekuwa akipima damu yao ni Sista Nambozo, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Zamani dawa ya kupimia ilitoka nje ya nchi kwenye vikopo. Miaka ile haikuja tena, kama vile sabuni haikuja, chumvi haikuja na vipuri havikuja. Sasa Mzee Kezekia alijua kwamba ndani ya hamira, hamira hii hii, mna kitu kidogo kinachokamata sukari na kuacha vingine vyote. Kitu hicho ndicho kimeng'enya. Ukikitoa kikiwa safi, unaweza kukiweka pamoja na damu ya mtu, nacho kitakwambia ana sukari kiasi gani. Hamira hatukuinunua. Ilitoka kiwanda cha bia, ndoo nzima ya mabaki, na mimi nikarudi Walukuba nanuka pombe mpaka mama mkwe, Bi Sauda, akaninusa shingoni kama askari. Ilibidi Musa aape mbele yake kwamba mke wake hanywi.

Hamira tuliisaga na mchanga safi mpaka ikatoa maji yake, tukaizungusha kwenye mashine mpaka takataka zikakaa chini, tukatia chumvi ya maabara ili vimeng'enya vigande na kuzama. Hapo unakuwa na tope la kijivu lenye kila kitu, kizuri na kibaya, na chumvi tele. Kulichambua ndiyo kazi ya jeli.

Jeli ilikuwa ya Bwana Harish, Mhindi aliyemfundisha Mzee Kezekia. Wahindi walipoamriwa kuondoka, wenzake wakiwa wanafunga masanduku, Bwana Harish alikuwa kwenye chumba cha baridi anamwonyesha Mzee Kezekia namna ya kuosha jeli. Alimwachia kopo moja tu. Ikiwa kavu, ni kama semolina nyeupe. Ukiiloweka inavimba usiku kucha, na ukiitazama kwenye kioo cha kukuza, kila punje ni ushanga wa mviringo wenye matundu mengi, mengine madogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Shanga hizo tulizijaza kwenye bomba la kioo refu kama mkono wangu, tukamimina dawa yetu juu, kisha tukaisindikiza kwa maji taratibu.

Nilimuuliza Mzee Kezekia, sasa hii jeli inachaguaje, ina macho? Akasema, "Fikiria wewe na mtoto mmetoka Walukuba mnakwenda sokoni. Wewe mtu mzima unapita barabarani moja kwa moja, unafika. Mtoto anaingia kila ua, anachungulia kila jiko, anacheza na kila paka. Atafika, lakini jioni. Kimeng'enya ni kikubwa, hakiingii kwenye matundu, kinatoka mapema. Chumvi na takataka ni ndogo, zinaingia kila nyumba. Zinachelewa. Wewe kaa mlangoni uone nani ametoka lini."

Ndiyo maana ya kuhesabu. Matone tisini na tisa, nabadilisha kichupa. Mengine tisini na tisa, nabadilisha tena. Vichupa vilipangwa kwenye ubao kwa namba, na bidhaa yetu kila mara ilitoka kuanzia cha tisa mpaka cha kumi na mbili. Nilikwenda kwa Shehe Abdu wa Walukuba kumuuliza kama ni dhambi kuhesabia matone ya hamira ya bia kwa tasbihi. Akafikiri sana, kisha akasema nitafute tasbihi ya pili kwa kazi hiyo, na nisiache kumwombea mgonjwa. Nikanunua ya shanga za mbao, yenye kishada chekundu.

Ukutani palikuwa na misumari mitatu. Chupa ya maji ilining'inia kwenye msumari, mpira ukashuka mpaka kwenye bomba. Msumari wa chini ulikuwa wa kupumzisha. Wa katikati ulikuwa wa kazi. Wa juu, karibu na dari, Bwana Harish aliupigilia kwa jeli nyingine, ngumu, ambayo hatukuwa nayo tena. "Huu wa juu sahau kwamba upo," Mzee Kezekia aliniambia. "Jeli yetu ni laini. Maji yakiisukuma kwa nguvu inajibana."

Sikuusahau. Nadhani mtu akiambiwa asahau kitu, hapo ndipo anapoanza kukitazama.

Siku hiyo ninayokwambia, Mzee Kezekia aliitwa ofisini kwa afande meneja. Huyo alikuwa luteni; viwanda vyote vilipewa wanajeshi, na wa kwetu alikuwa hajui hamira wala chumvi, lakini alijua kuuliza nani amevunja. Mwezi uliotangulia Sulaiti wa bohari alikatikiwa na mkanda wa mashine. Wakasema ni hujuma. Walikuja wawili na gari, na Sulaiti bin Kasimu, baba wa Aisa na Madina, hakurudi. Nataja jina lake kila ninapopata nafasi.

Kazi ilianza saa moja. Ilipaswa kuisha saa saba, na saa nane mimi mwenyewe nilitakiwa kupanda basi la Mbale na dawa kwenye chupa ya chai, katikati ya barafu. Ilikuwa nipeleke mimi kwa sababu Mbale ni kwetu, na mwanamke mwenye kikapu hasumbuliwi sana njiani.

Saa nne na nusu nikasikia dirishani, "Zaina! We Zaina wa barafu!"

Ni Akinyi. "Sukari imefika dukani! Kilo moja kila mtu, na yule askari anasema saa sita wanafunga. Wewe kaa hapo uhesabu machozi ya hamira."

"Akinyi, siwezi kutoka."

"Mama yako Mbale anafuturu uji bila sukari, na wewe unaishi karibu na mashamba ya miwa. Aibu si yangu."

Akaenda zake. Mwanangu, ulikuwa mwezi mzima sijaona sukari. Nikamwona mama yangu, Bi Hadija, na bakuli lake la uji. Nikatazama bomba. Tone. Tone. Tone. Tulikuwa kichupa cha sita. Nikapiga hesabu ya kichwani, nikaona sitafika. Nikatazama msumari wa juu.

Nilipanda stuli nikainua chupa. Na hivi ndivyo kosa linavyokubembeleza: mwanzoni lilifanya kazi. Matone yakaja mbio kama mvua ya bati. Nikafurahi, nikajiona mjanja kuliko Bwana Harish. Nikatoa ubao wa vichupa, nikaweka chini ya bomba birika moja kubwa la kioo lipokee yote, nikajisemea nitagawa nikirudi. Nikavua blanketi nikakimbia.

Nilirudi saa sita na sukari yangu kilo moja kwenye mfuko wa karatasi. Chumbani kulikuwa kimya. Hakuna tone. Jeli ilikuwa imeshuka vidole vinne ndani ya bomba, imejibana kama posho iliyolala, ugali wa jana, na ubavuni ina ufa. Birika lilikuwa limejaa nusu. Wakubwa na wadogo wote walikuwa humo pamoja, yule aliyepita barabarani na yule aliyecheza na paka.

Nilimfikiria Sulaiti. Nakwambia kweli, sikumfikiria mgonjwa hata mmoja. Nilifikiria gari lile na watu wawili. Nikarudisha chupa msumari wa katikati, nikajaza maji juu ya jeli ili ufa usionekane, kisha nikachukua vichupa, nikamimina kutoka kwenye birika, cha saba, cha nane, cha tisa, mpaka kumi na nane, vyote kwa kimo kimoja, vizuri kabisa. Tasbihi ilikuwa shingoni. Sikuigusa. Ubao ule haukuwahi kupendeza kama siku ile.

Mzee Kezekia alirudi saa saba na nusu, jasho usoni, amechoshwa na maswali ya ofisini.

"Imetoka?"

"Imetoka, Mzee."

"Cha ngapi?"

"Cha tisa mpaka cha kumi na mbili. Kama siku zote."

Siku nyingine angevipima vyote kimoja kimoja. Siku ile basi lilikuwa linapiga honi, na Mbale walikuwa hawajapima mtu wiki nzima. Alinitazama usoni kidogo tu, akaamini. Akamimina vinne hivyo kwenye chupa ndogo, akafunga, akaniwekea barafu kwa mikono yake. Nilikuwa nimefunga chakula na maji, na uongo nikauachia mlango wazi.

Baada ya mji wa Iganga palikuwa na kizuizi. Askari mmoja akaingia ndani ya basi, akaona chupa ya chai.

"Wewe mama. Hii iko nini?"

"Dawa, afande. Ya hospitali."

"Dawa gani ya chai? Fungua." Akafungua, akanusa. "Hii iko pombe!"

"Ni hamira, afande. Wanapimia wagonjwa wa sukari."

"Iko dawa kweli?"

"Ni kweli, afande. Wallahi, na hii ni Ramadhani."

Akanirudishia. Abiria wa pembeni yangu, mzee wa kutoka Bukedi, akaninong'oneza, "Mungu amekusaidia, mama." Nikageukia dirishani. Kutoka hapo mpaka Mbale sikuona mti hata mmoja.

Tulifika jua linakaribia kuzama, mlima umeshika wingu. Nilikwenda hospitali moja kwa moja. Sista Nambozo alikuwa amesimama mlangoni.

"Zaina! Nimekungoja kama mvua. Lete."

Kwenye benchi alikuwa amelazwa mwanamke niliyemjua tangu utotoni, Mama Khainza, muuza malewa wa sokoni. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanakaushwa kwa moshi, na kwetu hakuna sherehe bila hayo. Tukiwa wadogo alitugawia vipande tukamsaidia kufukuza mbuzi. Sasa alikuwa anajigeuza, anasema maneno yasiyoshikana, na binti yake, Nandutu, ameshika kichwa chake.

"Amekuwa hivi tangu mchana," Sista alisema. "Sukari imepanda, au imeshuka? Ukimtazama tu huwezi kuapa. Nikikosea upande mmoja, namuua kwa sindano yangu."

Akachukua tone la damu, akachanganya na dawa yetu, akaingiza kwenye mashine yake ya kutazama mwanga. Mimi nilisimama mlangoni na kikapu. Dawa chafu haikatai kufanya kazi, mwanangu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Inasoma tu. Inasoma uongo kwa sauti ile ile inayosomea ukweli.

"Iko juu sana," Sista akasema. Akakunja uso. Akamshika Mama Khainza mkono, akautazama, akatazama mashine tena. Niliona macho yake yanamwambia jambo moja na kipimo kinamwambia lingine. Akaamini kipimo, kwa sababu dawa ya Mzee Kezekia ilikuwa haijamdanganya hata siku moja. Akachukua sindano ya kushushia sukari.

Adhana ikaanza kutoka msikitini. Sijui kama ni adhana iliyonifungua mdomo au ni ile sindano.

"Sista, ngoja. Usiiamini."

"Unasema nini?"

"Dawa ni chafu. Nimeichafua mimi. Mzee Kezekia hajui."

Hakunifokea. Aliweka sindano chini polepole kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akamgeukia Nandutu. "Mama alijidunga leo?"

"Asubuhi, Sista. Kama kawaida."

"Akala?"

"Hakula. Alisema hana hamu. Na posho yenyewe haikuwepo."

Sista akaweka kiganja kwenye shingo ya Mama Khainza. "Amelowa jasho, na ni wa baridi. Imeshuka. Imeshuka kabisa! Nipeni sukari, haraka. Nani ana sukari?"

Glukosi ya hospitali ilikwisha siku nyingi. Sukari haikuwepo wodini, wala jikoni, wala kwenye maduka ya mtaa mzima. Nikatia mkono ndani ya kikapu.

Tulikoroga kwenye kikombe cha bati, vijiko vinne, na Sista akampa kwa kijiko, kidogo kidogo, akimpapasa koo ili ameze. Nandutu alikuwa anasema jina la mama yake tu. Muda si mrefu, maneno yakaanza kushikana. Mama Khainza akafungua macho, akalamba midomo, akasema kwa hasira, "Nani amenipa sukari? Si mmenikataza sukari?"

Nandutu akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikaa sakafuni. Sista Nambozo akaniletea maji kwenye kikombe kile kile, nikafuturu kwa maji yenye utamu wa chini ya kikombe.

"Kama ningeidunga ile sindano," alisema, "asubuhi tungekuwa tunachimba." Akairudisha sindano mahali pake. "Mzee Kezekia utamwambia mwenyewe. Mimi simwandikii barua."

Sukari iliyobaki nilimwachia Nandutu. Mama yangu alifuturu uji mkavu, na nilipomweleza sababu, alikula mpaka akamaliza bakuli huku akinitazama.

Kesho yake nikarudi Jinja. Niliposukuma mlango wa chumba cha baridi, Mzee Kezekia alikuwa amekaa kwenye stuli yangu, mbele ya bomba. Hakuwa amenyoa ndevu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mzee."

"Kaa."

Nikakaa chini, maana stuli ilikuwa moja.

"Niliiona jeli saa tisa jana. Basi lilikuwa limekwenda. Nikapiga simu Mbale mpaka mwenye simu akanifukuza. Haikushika. Tangu saa ile sijala, na mimi si Mwislamu."

Nikamwambia yote. Msumari, birika, sukari, askari, Mama Khainza. Hakunikata hata mara moja. Nilipomaliza, akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Chupa hata mimi nimewahi kuiinua," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza. Bwana Harish alinitukana Kigujarati kutwa nzima, mpaka leo nayajua matusi yale. Jeli ilijibana. Tukaimwaga, tukaiosha, tukaijaza upya. Siku mbili tu. Zaina, kuinua chupa ni kosa la siku mbili. Lakini vile vichupa. Ulivyovijaza sawasawa. Hapo ulichukua kosa lako ukalivisha nguo yangu, ukalipeleka kwa mtu anayeniamini."

Akavaa miwani, akaligeukia bomba.

Mlango ukafunguliwa. Afande meneja. Viatu vyake vililia kwenye sakafu yenye maji.

"Kezekia, watu wanasema kazi imesimama. Kwa nini?"

Mzee Kezekia akasimama. "Jeli imejibana, afande. Tutaiosha. Keshokutwa itakuwa tayari."

"Nani ameibana?"

"Maji yalikuja kwa nguvu kupita kiasi. Chumba hiki ni changu, afande, na kosa la chumba hiki ni langu. Ukitaka kuandika jina, andika Kezekia."

Yule luteni alimtazama, akanitazama mimi sakafuni, akatazama bomba kama mtu anayetazama nyoka aliyekufa. "Keshokutwa," akasema, akaondoka. Viatu viliposikika mbali ndipo Mzee Kezekia alipoketi tena kwenye stuli. Hakusema uongo hata nusu, mwanangu, na alikuwa anajua vizuri kuliko mimi habari za Sulaiti.

Nikaanza kulia. Akasema, "Lia baadaye, leta ndoo."

Tukaitoa jeli. Nikaiosha kwa mikono yangu, kwa maji safi, bila kuisugua. Unaikoroga kwa kijiti cha mbao, unaiacha itulie, unamwaga unga uliovunjika unaoelea juu, unaanza tena. Siku mbili. Punje nyingi zilivimba tena taratibu, zikarudi duara. Chache zilivunjika, hazikurudi. Nilipomwambia kwamba jeli inaonekana imenisamehe, alisema, "Jeli inahitaji maji tu. Mimi nipe muda kidogo."

Siku ya tatu tulipoanza kazi, akaniambia nikate nyuzi kwenye kishada cha tasbihi. "Hujui kuandika vizuri, sawa. Lakini kufunga unajua. Kichupa chochote ambacho hesabu ilikupotea, ulipopiga chafya, uliposinzia, ulipochungulia dirishani kwa Akinyi, kifunge uzi mwekundu shingoni. Usiniambie sababu kama hutaki. Funga tu."

Wiki ile ya kwanza nilifunga vitano. Niliona aibu kama niliyevuliwa kitambaa sokoni. Mzee Kezekia alivichukua vyote vitano, akavipima kimoja kimoja, viwili akavimwaga, vitatu akasema havina neno. Hakuniuliza kitu. Wiki iliyofuata, kwenye ubao niliona kichupa chenye uzi ambao sikuufunga mimi. Alikuwa ameufunga yeye, kile alichokishika nilipokwenda kuswali.

Tulifanya kazi hiyo mpaka vita vya kuwaondoa wanajeshi vilipofika Jinja, na Sista Nambozo hakupata tena dawa ya uongo kutoka kwetu. Kuna majuma alipata chupa nusu, na kuna majuma hakupata kabisa, kukiwa na ujumbe tu: wiki hii tumefunga nyuzi nyingi. Alisema ujumbe ule aliupenda kuliko chupa iliyojaa. Mama Khainza aliuza malewa miaka mingi baadaye, na kila nilipopita aliwaambia wateja, "Huyu ndiye aliyenipa sukari daktari alipokataza." Sehemu ile nyingine ya hadithi hakuisimulia. Mimi ndiye ninayeisimulia.

Basi sikiliza, mwanangu. Utakosea. Kazi itakuwa inakwenda polepole, nje wanakuita, na ukutani uko msumari wa juu. Siku moja utauinulia chupa, nami sitakucheka. Ila jeli ikishajibana, usichukue vichupa ukavijaza kwa kimo kimoja. Usilipange kosa likapendeza. Nenda kwa anayekuamini, ukiwa bado na hofu, usingoje hofu iishe, umwambie kichupa hiki si safi. Ukiogopa maneno, funga uzi. Na siku utakapokuwa mkubwa wa chumba, mtu akakufungia uzi mwekundu, usimwaibishe. Pima, mwaga kinachomwagwa, mrudishie stuli yake. Kama mwenye viatu vizito ataingia kuuliza ni nani, simama.

Tasbihi ile ninayo. Kishada chake kimebaki nyuzi tatu, na sitaki kimalizike, kwa sababu bado nina siku za kuishi na bado nakosea. Mungu akupe mkono wenye subira na watu wa kukungojea wasiokukatia tamaa. Akuepushe na mgonjwa wa kosa lako, na kama hakukuepusha, akufungue mdomo sindano ikiwa bado hewani. Na akujalie, siku hiyo, uwe na sukari kwenye kikapu.